Nilimtambua Ng'ombe, Sikumtambua Mtu

Nkololo, Jumapili usiku

Mwanangu Limi,

Usije ukadhani nimeandika barua kwa sababu vocha imeniishia. Simu ninayo, na wewe uko chumba cha pili, nakusikia unavyojigeuza kitandani. Ningeweza kugonga mlango. Leo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umekula, mara ya pili nikakuuliza tena kama umekula, ukaniangalia kwa huruma kama mzee aliyeanza kusahau. Kwa hiyo nimechukua daftari lako la zamani lenye kurasa zilizobaki.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga chandarua na kutomwamini kila anayejiita jirani, shangazi yako ameyasema tangu Alhamisi, nadhani hata ng'ombe zizini wameyashika kichwani. Mimi sina la kuongeza hapo. Umesomea ualimu, umepangiwa shule, unakwenda Meatu, na kesho mchana basi litakufikisha Mwanhuzi, ambako Jilala atakuwa stendi anakusubiri. Amenipigia mara tatu leo kuuliza sanduku lako lina ukubwa gani, ili ajue afunge kamba ngapi kwenye baiskeli. Ndiyo maana naandika. Sitaki ushuke kwenye basi lile ukamwamkie Jilala na kumwita baba mdogo huku ukijua nusu tu ya habari yake na yangu.

Nusu unayoijua ni hii: kwamba nilimtaja Jilala kuwa ndiye aliyetunyang'anya ng'ombe, akafungwa, baadaye ikaonekana nilikosea, akatoka, akanisamehe. Watu wa kanisani wanaipenda sana habari hiyo. Mchungaji ameisimulia mara mbili mbele yangu, nami nikainamisha kichwa, watu wakafikiri ni unyenyekevu. Nusu ya pili aliijua mama yako peke yake.

Nianze na macho yangu, maana hayo ndiyo yaliyonipa jeuri. Unajua walivyokuwa wananiita Miso, yaani macho. Nilipokuwa kijana, ng'ombe nikimwona mara moja simsahau. Watu wakigombania mtamba mnadani, mmoja anasema ni wake na mwingine anasema ni wake, waliniita. Nilikuja, nikazunguka mara moja, nikasema huyu ni ndama wa yule jike wa fulani, alizaliwa mwaka ule wa mvua nyingi, tazameni pembe. Hakuna aliyebisha. Wazee wenye mvi walisogea nipite. Mwanangu, ukipewa heshima ya namna hiyo ukiwa na miaka thelathini, unaanza kuamini kwamba macho yako hayakosei kitu chochote.

Ulikuwa na miaka minne. Kilikuwa kiangazi, saa kumi alasiri, mimi na mdogo wangu Shigela tunarudisha ng'ombe kutoka kunywa maji lamboni. Watu watatu wakatoka kwenye vichaka. Mmoja akanisimamia mbele na panga. Panga lile, ukinipa kalamu sasa hivi, nitakuchorea: mpini umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, ncha imekatika kidogo, karibu na mpini kuna kutu. Wakamkata Shigela mkono wa kulia alipotaka kujikinga, wakaondoka na ng'ombe kumi na mmoja. Yote labda yalichukua muda wa kufunga kamba za viatu. Uso uliokuwa nyuma ya panga lile sikuuangalia. Na ubaya wake ni kwamba sikujua kuwa sikuuangalia.

Nikapiga mwano, lile yowe letu la kuita watu. Wewe umelisikia, unajua mwanaume akilisikia anaacha hata ugali mdomoni. Watu wakaja na mikuki, mishale, wengine na fimbo tu. Wanne wakambeba Shigela kumpeleka zahanati. Kamanda wa sungusungu akaniuliza, umemwona? Nikasema nimemwona. Yukoje? Nikasema mrefu. Sijui kwa nini nilisema mrefu. Nadhani mtu aliyekushikia panga anaonekana mrefu.

Hapo mtu mmoja akasema, si kama yule fundi baiskeli?

Fundi baiskeli ndiye Jilala. Alikuwa amekuja Nkololo kutoka Lalago miaka miwili kabla, mrefu, mwembamba, mpole, na hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Hilo la ng'ombe ndilo lililommaliza. Kwetu wakati ule, mwanaume mwenye mke na watoto watatu asiye na hata ndama alikuwa kitendawili, watu waliulizana anaishije. Hakuna aliyefikiria kwamba anaishi kwa kuziba pancha. Tena baiskeli nyingi alizoziziba zilikuwa zetu.

Tukafuata nyayo mpaka jua likazama, zikapotea kwenye mawe upande wa Meatu. Njiani jina lile lilitembea pamoja nasi. Mmoja akasema Jilala hajaonekana kwenye banda lake tangu mchana. Mwingine akasema juzi Jilala alimuuliza watu wa hapa wananyweshea wapi kiangazi. Mimi nilianza safari ile na mtu asiye na uso, na kila aliyetembea pembeni yangu aliniongezea kipande. Tulipogeuka kurudi nyumbani, nikifumba macho namwona Jilala ameshika panga. Namwona kabisa, Limi, mpaka jasho kwenye paji la uso. Sikudanganya. Watu hudhani anayekosea namna ile huwa anajua kidogo moyoni kwamba anakosea. Mimi sikujua hata kidogo, ningeweza kuapa mbele ya kaburi la baba yangu.

Asubuhi wakamkamata. Walimkalisha uwanjani amefungwa kamba, kijiji kizima kimemzunguka. Sikumpiga. Neno hilo nimejitetea nalo miaka mingi, kwamba mimi sikumpiga. Nilisimama pale nikiangalia wanaopiga, na kila akigeuza uso alinikuta mimi. Asubuhi yote alikataa. Jua lilipofika utosini akasema ndiyo, nilikuwepo. Wakamuuliza ng'ombe wako wapi, akasema wako Meatu kwa mjomba wake, akataja na kijiji. Watu wakaenda. Hakukuwa na mjomba, hakukuwa na ng'ombe. Badala ya mtu mmoja kujiuliza, wote wakasema, mnaona alivyo mjanja. Mimi pia nilisema.

Polisi wakamchukua, na kule alirudia maneno yale yale. Siku mbili baadaye nikaitwa kwenye gwaride la utambuzi. Wanaume tisa wamejipanga ukutani, naambiwa nimguse bega niliyemwona siku ya tukio. Wanane sijawahi kuwaona maishani, wa tisa nilishinda nikimtazama amefungwa kamba. Nilipita mstari ule kwa madaha, kama niko mnadani. Nikamgusa bega. Askari akaniambia, umefanya vizuri mzee. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu.

Kitu kingine nikuambie ambacho nilikuja kukigundua baadaye sana. Siku ya kwanza polisi nilisema, nafikiri ndiye. Ipo kwenye karatasi, wakili wa rufaa alinionyesha. Baada ya gwaride nikawa nasema, ndiye. Miezi minane ikapita, kila mgeni akija anasimuliwa, nami nasimulia, na kila nikisimulia uso wa Jilala unazidi kung'aa. Mahakamani hakimu akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu, "Mheshimiwa, huyu namjua kama ninavyowajua ng'ombe wangu."

Hakimu aliandika. Nilisubiri amalize kuandika ndipo nikashuka kizimbani. Jilala alipewa miaka thelathini.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Nilitegemea atanitukana, nilikuwa nimejiandaa. Aliniomba nisogee kidogo ili apite, akasema samahani.

Miaka sita ikapita. Tulikaa vizuri, wewe ukaanza shule, nikanunua ng'ombe wengine. Jilala nilimfikiria mara chache, kama unavyofikiria shimo ulilolifukia. Kisha nikaenda mnada wa Mwanhuzi kumtafutia jirani dume la kulimia.

Nikamwona Mbula. Mbula alikuwa mtamba katika wale kumi na mmoja, mwekundu, baka jeupe shavuni, pembe ya kulia imeinama mbele kama inataka kuchungulia jicho. Sikio nilimchanja mimi mwenyewe. Sasa alikuwa jike mkubwa, ananyonyesha. Nilimwita kwa sauti ndogo akageuza kichwa, ingawa sikuhitaji ageuze. Mwenye ng'ombe alikuwa mzee wa heshima, ana karatasi zake zote. Nikamuuliza kwa utaratibu alimpata wapi. Akanieleza bila wasiwasi, alinunua kundi zima, kumi na mmoja kwa mpigo, miaka sita iliyopita, kutoka kwa vijana watatu waliosema wanahama. Mmoja wao bado anauza uza ng'ombe hapa. Akanyoosha fimbo. Huyo pale.

Nikamtazama yule mtu. Alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka kwangu, anakunywa soda. Alikuwa mfupi. Mfupi, mnene wa mabega, mweusi kuliko mimi. Nilimtazama nikasubiri kitu kinigonge kifuani, hakikunigonga kitu. Ningepishana naye njiani siku mia, tukasalimiana mwadila, kila mmoja akaenda zake. Uso mgeni kabisa. Halafu yeye akageuka, akaniona. Akashusha chupa polepole, akaiweka chini, akaondoka anapita katikati ya ng'ombe bila kukimbia.

Yeye alinikumbuka.

Sikuchukua dume. Nikapanda gari nikarudi Nkololo. Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo nusu yako inapoishia. Habari inayosimuliwa kanisani inasema kwamba nilipogundua kosa langu nilikwenda kusema. Nilikwenda. Nilikwenda baada ya miaka miwili.

Sababu ninazo nyingi, nikikupangia zote utanionea huruma, na sitaki. Nilijiambia nitasema tukimaliza kuvuna pamba. Pamba tukaivuna. Nikajiambia labda yule mfupi alinunua kutoka kwa Jilala. Nikajiambia watanifunga kwa kuapa uongo, na wewe na mama yako mtakula nini. Nikamfikiria Shigela na mkono wake usioweza kushika jembe, nitamwambiaje kwamba niliyemwonyesha siye. Hizo zote zilikuwepo. Lakini chini ya zote kulikuwa na moja, na hiyo naiona haya mpaka leo. Watu walikuwa bado wananiita mnadani. Bado walisogea nipite. Ningesema nimekosea mtu, nani angeniuliza tena habari za ng'ombe?

Mama yako nilimwambia usiku ule ule, kwa sababu hakukuwa na kitu ningeweza kumficha yule mwanamke. Alisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele. Akasema, "Baba Limi, ng'ombe akipotea hulali mpaka umrudishe. Huyu ni mtu."

Hakurudia tena. Mama yako hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, hilo wewe hukulirithi. Alinisubiri. Mwanzoni alinisubiri kwa upole, akinipa chai asubuhi ananitazama kama anauliza, ni leo? Baadaye akaacha kutazama. Alikuwa na tabia ya kunitania, nikiingia ndani anasema Miso amefika, ficheni nyama. Aliacha. Tuliishi humu ndani miaka miwili tukisemezana habari za kuni na chumvi, nami nilimkosa mke wangu akiwa amekaa hapo hapo mbele yangu. Kisha akaugua wiki mbili, akafariki. Hata siku za mwisho hakuniuliza. Nilimshika mkono nikataka kumwambia kesho nakwenda Bariadi kueleza ukweli, sikusema, kwa sababu nilishamwambia kesho nyingi moyoni.

Nilikwenda baada ya arobaini yake. Nikamkuta wakili wa msaada wa kisheria, msichana mdogo tu, umri wako wa sasa, nikamweleza habari ya Mbula na yule mfupi. Sikumweleza ilikuwa lini. Akaniuliza, nikasema majuzi. Neno moja hilo, majuzi. Akaliandika kwenye kiapo nikatia sahihi. Walipokwenda kumtafuta yule mfupi alikuwa ameshahama, hakuna ajuaye ameelekea wapi. Rufaa ilichukua kama mwaka mzima. Majaji wakasema gwaride halikuwa halali kwa kuwa nilishamwona mtuhumiwa, wakasema maungamo yaliyoanzia kwenye kamba na fimbo si maungamo. Kuhusu mimi waliandika kwamba shahidi alikuwa mkweli ila alikosea. Wakili alinisomea sentensi hiyo anatabasamu, akidhani ananifariji.

Shigela hakunielewa. Alisema namtetea aliyemkata. Akachukua familia na ng'ombe wake akahamia Katavi, na unajua simu zake zinavyopatikana. Mnadani wakaacha kuniita, kama nilivyoogopa, tena bila ugomvi wowote. Walianza tu kumwita mtu mwingine. Wale waliompiga Jilala, walio hai, nikiwatajia siku ile wananiambia mambo ya zamani hayo. Waliotembea nami wakitaja jina lake hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba alilitaja. Kila mmoja anakumbuka kwamba Miso ndiye aliyesema.

Aliyekuja hapa, baada ya kuachiwa, alikuwa Jilala. Unakumbuka siku ile, ulikuwa darasa la saba, ulimpa kiti ukamletea maji hukujua ni nani. Nilidhani amekuja kuniua na sikusimama. Alikaa, akanywa maji, akaomba mengine.  Nikamuuliza swali lililokuwa linanila: kwa nini ulisema ndiyo?

Akanijibu bila hasira. Alisema, "Nilitaka maji. Walisema nikikubali nitapewa maji. Nikajua nikifika kwa hakimu nitaeleza ukweli, na yeye ataona. Ukweli si unaonekana?"

Nikamuuliza na habari ya mjomba wa Meatu. Akasema walitaka mahali, akawapa mahali. Angewaambia hajui, wangeendelea kupiga. Na alirudia yale yale polisi kwa sababu wale wenye fimbo walikuwa wamekaa nje ya kituo, anawaona dirishani.

Alipoondoka nikakufikiria wewe na taa ya sola. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa darasa la tano, katika ile miaka miwili niliyonyamaza. Nilikuta taa imepasuka, nikakuita, ukasema si wewe, nikachukua fimbo. Fimbo ya tatu ukasema ni mimi baba. Ukanieleza ulivyoichukua, ulivyojikwaa, ukanipeleka mpaka kwenye jiwe ulilojikwaa, nami nikaliangalia jiwe lile nikaridhika kabisa. Mwaka mmoja baadaye shangazi yako akacheka mbele yetu wote akasema ni yeye aliyeiangusha akifagia, akaogopa kusema. Wewe ukacheka pia. Mimi niliondoka nikaenda zizini. Sikukuomba radhi siku ile, nakuomba leo. Huko unakokwenda utakuwa na watoto wengi darasani na vitu vitapotea, kalamu, chaki, na utakuwa umechoka, na mtoto atakuambia ni yeye na atakueleza mpaka jiwe. Sijui nikuambie ufanye nini. Nakuambia tu kwamba baba yako aliridhika na jiwe.

Basi Jilala akawa rafiki yangu. Najua watu wanashangaa, hata mimi nashangaa. Alihamia Mwanhuzi akafungua banda la baiskeli, na kila Jumapili jioni ananipigia. Hatuzungumzi makubwa. Mvua, bei ya pamba, magoti. Ananiuliza umepika nini, nami namdanganya nimepika mchuzi. Tangu mama yako aondoke na wewe uende chuo, kuna wiki ambazo sauti ya Jilala ndiyo sauti pekee iliyoniuliza jambo. Wewe ukiondoka kesho, nitabaki na ng'ombe wanane, redio, na Jumapili.

Mwaka juzi nilikwenda kumtembelea. Tulikuwa tumekaa bandani, anakaza spoku za gurudumu, akaanza kuzungumzia mama yake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado gerezani. Akasema, "Alinisubiri miaka minane, yule bibi. Angevumilia mmoja tu angeniona."

Akaendelea kukaza spoku. Mimi nikapiga hesabu, Limi. Ningesema mwaka ule nilipomwona Mbula, rufaa ingekwisha mwaka wa saba. Angemkuta mama yake yuko hai, amekaa mlangoni, na angekula mkononi mwake mwaka mzima. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilimtazama, nikaona kwamba nikiyasema narudi Nkololo bila mtu yeyote duniani wa kunipigia simu. Nikamwambia pole. Akasema asante, ndugu yangu.

Mara ya kwanza nilinyamaza kwa ajili ya heshima. Mara ya pili nimenyamaza kwa ajili ya upweke, na hii ya pili imedumu kuliko ya kwanza. Kukosea uso nadhani Mungu atanielewa, macho ni macho. Lakini nilipokuwa sijui nilisema kwa sauti kubwa mbele ya hakimu, na nilipojua nikanong'ona majuzi. Nimechoka kuwa mtu aliyesamehewa kwa jambo dogo kuliko alilolifanya. Na siwezi kukukabidhi kwa mtu huyu akufungie sanduku kwenye baiskeli, akulishe kwake mpaka upate chumba, huku wewe na yeye mkiwa hamjui mnayemzungumzia mnaponitaja.

Sikupi kazi ya kumwambia. Usimwambie chochote. Hiyo si kazi ya mtoto, na nilishawabebesha wengine vya kutosha.

Nimekata tiketi mbili. Nilikudanganya kwamba nitakusindikiza mpaka stendi ya Bariadi tu, kisha nirudi kukamua. Shangazi yako atakamua. Nitakugongea alfajiri nikupe barua hii, uisome kabla hatujatoka, kwa kuwa mdomo wangu mbele ya uso wako umeshanishinda mara mbili leo, na kesho mchana lazima niuweze mbele ya uso wake bila karatasi. Sijui atafanya nini. Anaweza kuchukua sanduku lako na kuniacha nimesimama, na atakuwa na haki. Anaweza kuuliza kwa nini, na jibu langu umeshalisoma, ni hilo tu, sina jingine zuri zaidi.

Viti vyetu vimepangwa pamoja, namba kumi na moja na kumi na mbili. Ukishasoma, kama hutaki kukaa na mimi usiseme kitu, nenda tu mbele kwa wamama, konda atakupatia nafasi. Sitakuuliza. Nitakaa peke yangu kwenye kile changu, tutapita Maswa, tutapita Lalago, na nitashuka Mwanhuzi.

Baba yako